Bata mzinga aingie kwenye ubao wa bata?

mwalimu_kisauni
Assalaam aleikum. Naandaa ubao wa darasa kabla hatujakwenda hifadhi ya Nguuni kutazama ndege. Chini ya "Bata na jamaa zake" nimeweka bata bukini wa Misri, bata mzinga, heroe na kukuziwa. Nimekosea wapi?

jicho_la_mkoko
Wa aleikum salaam, mwalimu. Abaki wa Misri, watatu watoke. Bata mzinga ana ubata wa jina tu. Ni wa ukoo wa kwale, katika oda (kundi la koo zenye asili moja) ya Galliformes, yaani oda ya kuku. Lakini (na hapa wanafunzi watabisha) kati ya hao watatu ndiye aliye karibu zaidi na bata, maana oda ya kuku na oda ya bata, Anseriformes, ni matawi mawili ya shina moja. Heroe aliwababaisha wataalamu miaka mingi kwa ule utando wa miguuni, hadi DNA ikamweka pamoja na vibisi, wale ndege wa maji wapiga mbizi. Kukuziwa yuko oda moja na korongo taji. Mtazame vidole: kila kimoja kina vipande vyake vya ngozi, havikuunganishwa.

binti_tudor
Hata huyo wa Misri jina lampotosha mtu. Alopochen aegyptiaca si bukini wa kweli. Yuko na kina Tadorna, jenasi nyingine ya jamaa za bata. Bukini wa kweli ni jenasi za Anser na Branta. Kwa hivyo usipange kwa ukubwa wala urefu wa shingo.

mwalimu_kisauni
Shukran. Sasa DNA haionekani kwa darubini. Mtoto atambue kwa lipi?

jicho_la_mkoko
Aanze na mdomo: bapa, kingo zina vichanuo kama meno ya kitana, na nchani pana kipande kigumu mfano wa ukucha. Vichanuo peke yake havitoshi, heroe anavyo pia, ila mdomo wake umepinda katikati. Kisha miguu: utando washika vidole vitatu vya mbele, cha nyuma ni kidogo na kimeinuka. Ukishika vyote vinne, huyo si bata, huenda ni mnandi, yule ndege wa maji mla samaki.

Dalili hizi ni za ukoo wa Anatidae, ambao ndio wa kwetu. Oda ya bata ina koo mbili nyingine: Anseranatidae, spishi moja ya Australia yenye utando nusu, na Anhimidae, spishi 3 za Amerika Kusini, mdomo kama wa kuku na utando kidogo mno. Ukipanga kwa miguu tu, hao wa mwisho utawatupa nje na ni wa ndani.

mwalimu_kisauni
Basi na mnandi namfuta. Alikuwa ubao wa pili.

binti_tudor
Nafasi yake mpe Dendrocygna viduata, yule mwenye uso mweupe apigaye mluzi. Tawi lao lilijitenga mapema ndani ya Anatidae, kwa hivyo mchore karibu na shina, si kwenye tawi la Anas, jenasi ya bata wa kawaida.