Vigimbi vinakaza nikikimbia, nibadili mkanyago au nivumilie tu?

Mwanambio_Pasua:
Wakuu habari za mchana. Najiandaa na Kili Marathon, ile ya kilomita 21, sasa shida yangu ni vigimbi. Kabla hata sijafika mbali vinakaza vinakuwa vigumu hasa wa kushoto, nikianza kupandisha barabara ya Mweka ndo kabisa naishia kutembea. Niliona video wanasema kutua kwa kisigino ni vibaya, utue kwa vidole kama Wakenya, nikahamia huko na raba nikachukua zile bapa. Pumzi ipo, magoti hayaumi. Nirudi kwenye kisigino au vitazoea? Stretching nafanya.

KochaMtaani:
Pole mkuu. Umebadili vitu viwili kwa mpigo na vyote vinaenda kumtwisha kigimbi. Ukitua kwa vidole ule mshindo uliokuwa unaishia kwenye goti unahamia kwenye kigimbi na ile kano ya nyuma ya kisigino, na raba bapa inashusha kisigino so kano inavutika zaidi. Ila usianze tena kurusha kisigino huko mbele. Angalia unakanyagia wapi: mguu utue karibu na chini ya nyonga, hatua fupi fupi, na ukishatua mwachie kisigino kiguse chini. Watu wakisikia "vidole" wanakimbia wamechuchumia njia nzima kama wanachungulia ukutani kwa jirani, kigimbi hakipumziki. Hesabu hatua zako kwa dakika moja, kama ni 160 jaribu 168, inatosha, achana na 180 za kwenye video. Fanya dakika chache tu ndani ya mazoezi yako, sehemu tambarare.

BintiRau:
Na hiyo ya "kama Wakenya" jamani, mwaka 2013 watafiti walienda kwa Wadaasanach kaskazini mwa Kenya, watu waliokulia pekupeku, na wengi walitua kwa kisigino wakikimbia mwendo wao wa kawaida. Wakiongeza spidi ndo baadhi wanabadili.
Mkuu stretching haikupi nguvu. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa, huo unaoonekana na mwingine chini yake, soliasi, huo wa chini ndo unapiga kazi sana kwenye mbio ndefu na ili umpate vizuri lazima ukunje goti. Simama ukingoni mwa ngazi, goti limekunjwa kidogo, inua visigino kwa miguu miwili, shusha pole pole kwa mguu mmoja. Ruka siku moja moja, usifanye kila siku.

Babu_wa_Mlimani:
Mnamchosha kijana na mikanyago. Pale Mweka hata wa kisigino anajikuta anasukuma kwa mbele ya unyayo, mlima ndo unavyotaka. Punguza kupanda, wiki mara moja, panapokuwa wima tembea, nani anakudai?

KochaMtaani:
Babu nakubali kwenye mlima, ila kasema vinakaza kabla ya mlima.

Nesi_Mkimbiaji:
Kabla hujaendelea mdogo wangu: ulishawahi kuhisi ghafla kama mtu kakupiga teke kwa nyuma? Hapo unakuwa umechanika, unasimama siku hiyohiyo. Na kigimbi kimoja kikivimba, kina moto, kinauma hata umekaa, hasa ukitoka safari ndefu ya basi, usikande wala usipake dawa ya kuchua, nenda hospitali wakuangalie kama damu haijaganda. Unyayo unakufa ganzi?

Mwanambio_Pasua:
Shikamoo dada. Hapana hakuna teke wala uvimbe, ganzi mara moja moja, nikisimama kidogo inaisha.

Nesi_Mkimbiaji:
Marahaba. Basi ikiwa kila ukikimbia inakuja palepale na ganzi pia, muone fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) au daktari wa mifupa, inawezekana presha inapanda ndani ya msuli, hiyo ngazi peke yake haitaimaliza.

Mwanambio_Pasua:
Sawa nitaenda wiki hii. Kocha, hizi bapa niziuze?

KochaMtaani:
Za nini kuuza, vaa ukienda Mbuyuni sokoni. Za mazoezi rudia zile za zamani kama soli bado ipo.