Naomba ushauri: valvu ya PCV ya Forester, mkono haufiki

Wakuu, heshima kwenu. Nina Subaru Forester ya 2004, injini EJ20. Inakula oili, kama nusu lita kila kilomita 1,000, na asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo kisha unakata. Fundi mmoja kaniambia injini imekufa, nitafute nyingine. Sijakubali, maana valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye menifoldi ya hewa, sidhani kama imewahi kubadilishwa, na huenda ndiyo chanzo cha haya yote. Mpya nimeshanunua, iko mezani hapa inaniangalia.

Shida ni ilipokaa: chini ya menifoldi, nyuma huko. Jumamosi nimeingiza mkono, nikaigusa kwa ncha za vidole tu na kutoka na michubuko. Mpira wake, yaani bomba linaloungana nayo, umekauka, nilipoubonyeza ukalia kama biskuti.

Aliyewahi kuifanya kazi hii nyumbani: inawezekana kwa soketi ndefu na ekstensheni, au lazima nifungue menifoldi na kununua gasketi? Naogopa isije ikakatika, sehemu yake yenye nyuzi za kufungia ikabaki kwenye bloku ya injini. Na huo mpira, wa kukatiwa kwa mita dukani unafaa, au oili itaulainisha?