Rum-meti wangu anaambiwa na lekchara "njoo tumalize". Mimi nifanye nini?

BintiBweni (mwanzisha mada)

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nasoma mwaka wa pili, chuo sitakitaja. Naomba ushauri maana tangu Jumanne silali.

Rum-meti wangu ana sapu, yaani mtihani wa kurudia. Huyu ndiye anayetufundisha takwimu usiku pale kwenye ngazi za bweni, ndiye aliyenivusha mimi. Koziweki (kazi na majaribio ya muhula) alikuwa na 29 kati ya 40. Matokeo yametoka, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) kapewa 8 kati ya 60. Jumla 37, kufaulu ni 40.

Alikwenda ofisini kuuliza. Lekchara akasema hapo si mahali pa mazungumzo hayo, akachukua namba yake. Usiku ikaingia meseji ya jina la gesti na "njoo tumalize habari ya mtihani". Hakwenda. Kesho yake ikaja nyingine: "Sapu natunga mimi na nasahihisha mimi."

Meseji nimezisoma kwa macho yangu. Aliponionyesha alikuwa anatetemeka, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili aripoti chuo, bumu lake, ule mkopo wa serikali, ni nusu tu. Anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kuliko anavyoogopa kufa. Leo amesema anataka kufuta zile meseji asahau. Nimempigia magoti asifute.

Nikiripoti mimi bila ruhusa yake, nitakuwa nimemsaliti? Na kama tukienda, tunaanzia wapi? Mkuu wa idara na huyo lekchara ni marafiki wa kula meza moja.

KalamuNyekundu

Akubali kwenda gesti, nyinyi jificheni na simu mumrekodi, video irushwe mtandaoni. Hao dawa yao ni aibu.

MamaNeema

KalamuNyekundu, hasira yako naielewa, lakini usimpeleke mtoto wa watu kwenye chumba chenye komeo. Wakikwama mlangoni, nani atamtoa? Na video ikisambaa, sura itakayokumbukwa mtaani ni ya binti.

BintiBweni mwanangu, marahaba. Nimefanya kazi ofisi ya mlezi wa wanafunzi miaka 17, nimepokea mabinti wengi wakiwa na simu mkononi kama huyo mwenzako. Lenye haraka ni meseji. Asifute hata moja, hata zile anazoona zinamwaibisha yeye, kwa mfano kama alijibu kwa upole kwa woga. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, zihifadhi sehemu mbili, na simu yenyewe isiuzwe wala isibadilishwe. Halafu achukue daftari aandike leo hii: siku gani alikwenda ofisini, saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, nani alikuwa kwenye benchi nje. Na wewe andika lako, siku uliyoonyeshwa meseji na ulichokisoma. Nimeona kesi zikifa kwa sababu miezi sita baadaye binti anaulizwa "ilikuwa Jumatatu au Jumanne?" na hakumbuki.

Kuhusu kusaliti: jina lake usilipeleke popote bila yeye kukubali. Ameshapokonywa uamuzi na mtu mmoja, usiwe wa pili. Lakini kuuliza hukukatazwa. Vyuo vingi siku hizi vina dawati la jinsia. Nenda peke yako, sema "rafiki yangu", uliza taratibu zao, rudi umweleze. Akijua njia ilivyo, woga hupungua.

Anachofanyiwa kina jina: rushwa ya ngono. Kimo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo hamhitaji kibali cha mkuu wa idara. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo, simu yao ni 113, haikatwi salio. Chuoni nako mpeleke malalamiko kwa maandishi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwaka mmoja nilishuhudia barua ya binti ikizunguka kati ya ofisi tatu mpaka akamaliza chuo, na kila ofisi ikadai iko kwa mwenzake. Hakuwa na nakala. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma, maana mimi ndiye niliyemwambia "iache tu hapo mezani, mwanangu".

Kisha suala la alama, ambalo watu hulisahau. Aombe mtihani wake usahihishwe upya na mtu mwingine. Kanuni za mitihani zinaruhusu rufaa, ila muda wake ni mfupi na kuna ada. Asome kanuni leo, asingoje kesi.

Nitasema na hili kwa sababu wewe ni shahidi. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kuandamwa na kundi la wanafunzi lililojiita Punch. Maandishi yao ya kudhalilisha watu walikuwa wakiyabandika ukutani, kila apitaye anasoma. Mimi nilikuwa sekondari, habari zake zilitufikia. Siku zote huwafikiria wale waliosoma wakapita. Wewe umesoma na hukupita. Usimwache alale peke yake wiki hii. Akianza kusema maneno ya kukata tamaa na maisha, hapo hata kiapo kivunje, mwite mshauri wa wanafunzi usiku huohuo.

Upendo_Kasulu

Mimi nilipita huko. Nilikwenda TAKUKURU na dada yangu, nikaandika maelezo, wakakaa na simu yangu wakaziona meseji. Mtego waliupanga wao, kila hatua wakijua nilipo. Ndiyo tofauti na alichosema KalamuNyekundu. Sitakudanganya, mahakamani kulichosha, tarehe ziliahirishwa mno, na kuna wanadarasa waliacha kunisalimia. Lakini nilihitimu. Mwambie asiende kule peke yake, pale kwenye benchi la kusubiri ndipo nilipotaka kukimbia, dada akanishika sketi.

MamaNeema

Na wanaosoma kimya: aliyekwisha kuingiliwa kwa nguvu asioge, nguo azifunge kwenye khanga au karatasi wala si mfuko wa nailoni, awahi hospitali kabla ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda. PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hutolewa polisi, aulizie dawati la jinsia na watoto.

KalamuNyekundu

Nimekubali, mama. Niliandika kwa hasira, nina mdogo wangu wa kike chuoni.

BintiBweni (mwanzisha mada)

Ahsanteni sana. Nimemsomea yote, nimerudia mara mbili hapo pa da Upendo na sketi. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza ada ya rufaa ni kiasi gani. Tumechangishana watu wanne pale bwenini, imepatikana, wao wanajua ni rufaa tu. Daftari ameanza kuandika, yuko ukurasa wa tatu. Kesho saa mbili naenda dawati la jinsia kuuliza, kasema atanisubiri nje chini ya mwembe. Akiingia ataingia mwenyewe.