Mbwa wangu mzee anapofuka, nifanyeje jamani?

mama_bobi_mikindani
Hamjambo wapendwa. Nna mbwa wangu Bobi, ni hawa mbwa wetu wa kawaida tu si wa kizungu, mwaka huu aingia 12. Kitambo macho yalikuwa na ukungu wa rangi ya bluu nkasema ni uzee, lakini toka mwezi uliopita anagonga vitu, usiku ndio zaidi. Na mwajua mambo ya maji hapa kwetu, mitungi leo iko mlangoni kesho iko uani keshokutwa imerundikwa karibu na ngazi, basi yeye aja mbio zake za zamani anaivaa kwa pua halafu asimama pale kama mtu alotukanwa. Jana jioni kijana wangu alimshika mgongo akiwa amelala, akashtuka akamng'ata mkono, si sana lakini damu ilitoka. Baba yake sasa asema adungwe sindano alale tu. Mimi siwezi wallahi. Kuna mtu ashawahi kuishi na mbwa kipofu?

kisauni_moja
Pole dada, lakini tuanze na mtoto. Hata kama ni mbwa wa nyumbani kidonda kioshwe na sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha aende hospitali leo leo. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea hakuna dawa. Chanjo ya Bobi iko sawa?

Sasa macho. Ule ukungu wa bluu mbwa wazee wengi wanao na bado wanaona, kinachofunga macho kabisa ni mtoto wa jicho, ule weupe mzito. Jaribu hivi, angusha kipande cha pamba mbele yake, haina sauti wala harufu, uone kama atakifuata. Na umpeleke kwa vet, usikae tu ukisema uzee. Wangu ilikuwa sukari, alikuwa akinywa maji na kukojoa kupita kiasi mimi nadhani ni joto la Mombasa, kumbe. Hata ugonjwa wa kupe huharibu macho. Jicho likiwa jekundu, limevimba au hataki liguswe, usingoje kesho, hiyo yaweza kuwa presha ya jicho na inauma vibaya.

dogo_changamwe
Si umtie tu matone ya macho ya watu yale ya duka la dawa

kisauni_moja
@dogo wacha hiyo. Mengine yana steroidi, jicho likiwa na kidonda ndio umelimaliza.

mzee_wa_likoni
Mwanangu, mimi nlikaa na kipofu miaka 3. Mbwa hategemei macho hivyo kama wewe, pua na masikio ndio kila kitu, shida yake Bobi si upofu, ni hiyo mitungi yenu. Nyumba ameihifadhi kichwani, nyinyi kila siku mwaibadilisha. Chagueni pembe moja ya mitungi na ibaki hapo hapo, bakuli la maji pia na mahali pa kulala. Mimi kwangu kuna shimo la taka nyuma, nlimwaga makumbi ya nazi kulizunguka upana wa hatua mbili hivi, nkampitisha na kamba siku kadhaa kila akikanyaga makumbi namwambia "simama", baadaye akifika yeye mwenyewe anageuka. Ngazini nkaweka zulia la makumbi juu na chini. Paka nkamfunga kengele, jirani akacheka sana.

Na usimbebe bebe kwa huruma, ukimtua hajui yuko wapi. Kung'ata ni kushtuka tu, watoto wamwite jina kwanza wangoje ageuze sikio ndio wamguse, na akilala aachwe. Na geti lifungwe, tuktuk hazina breki za mbwa kipofu.

mama_bobi_mikindani
Ahsanteni sana. Mtoto amechomwa sindano ya kwanza na amepewa tarehe za kurudi, chanjo ya Bobi nlikuwa nimeisahau kusema kweli, hospitali wamesema tumfungie ndani siku 10 tumwangalie na vet atakuja hapa hapa. Pamba hakuifuata hata kidogo. Mitungi tumeipanga ukutani na baba yake, mwenyewe ndiye alochora mstari wa chaki, sasa ndiye mkali kuliko mimi, mtu akiuvuka anapigiwa kelele. Mzee wangu hayo makumbi ulinunua ama uliomba kwa wauza madafu?

mzee_wa_likoni
Omba tu, wanayatupa. Nenda na gunia.