Flashi ya 32GB inakataa video moja na nafasi ipo tele

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada, kompyuta nimeanza kuijua juzijuzi tu. Nina flashi ya 32GB, ndani kuna picha za harusi ya dada basi, sasa nikikopi video yenyewe ya harusi ina 6GB inaniambia faili kubwa mno, wakati nafasi imebaki 27GB! Flashi mbovu au mimi ndo mbovu?

Jibu: Flashi nzima mkuu, shida fomati, yaani mpangilio ambao flashi inahifadhia mafaili. Fungua This PC, raiti kliki kwenye flashi, nenda Properties, utakuta FAT32. Hiyo faili moja likifika 4GB hailipokei hata flashi ingekuwa tupu. Hamishia kwanza picha kwenye D (diski ya kompyuta), zifungue uone zinafunguka, ndo ufomati iwe exFAT, fomati inayopokea faili kubwa, maana ukifomati inafuta kila kitu, usije kulia huku.

Jibu: Na herufi ya flashi uiangalie kabla hujabonyeza Start ya kufomati, mi niliwahi kufomati D nikidhani ni E, mpaka leo wife anaulizia picha za mtoto 😅

Jibu: Kama ni ya kuangalizia kwenye TV subiri kidogo, TV nyingi za zamani exFAT hazisomi. Mi naikataga tu video vipande viwili.

Muuliza swali: FAT32 kweli aisee! Sasa hivi inakopi, imebaki dakika 11. Ile Eject ya kabla ya kuchomoa flashi lazima?

Jibu: Eject bana, unaweza kuchomoa bado inaandika