Jiwe la grainda linachoma panchi za D2, naomba ushauri

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Tunasaga panchi (vifaa vya kutobolea) za D2, chuma kigumu cha kutengenezea vifaa, ugumu HRC 60 (kipimo cha Rockwell), kwa jiwe WA46K (alumina nyeupe, punje namba 46, ugumu wa jiwe K) la kipenyo cha milimita 200, mizunguko 2,800 kwa dakika. Kina cha kusaga ni milimita 0.005 tu na kulanti (maji ya kupoza) inamwagika vizuri, lakini jiwe linang'aa upesi, yaani punje zinakuwa butu, na panchi inatoka na madoa ya kahawia.

Ninapolinoa jiwe, ncha ya almasi imeinama digrii 15, kina milimita 0.02, mwendo wa almasi kupita usoni mwa jiwe milimita 150 kwa dakika. Nashuku mwendo huo: almasi inapitia kila punje kama mara sita, inailainisha badala ya kuivunja iwe kali. Je, nipandishe hadi 400 kwanza, au nihamie jiwe laini zaidi, H? Naogopa H litapoteza kona mapema.