Poti za USB zimekufa: kadi ya PCIe, habu ya umeme au kufufua zilizopo?

KibodiBubu: Wakuu, ni kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Poti mbili za mbele hazisomi kitu. Nyuma zipo nne: mbili zimezima, mbili zinabeba kibodi na mausi, na nikichomeka diski ya nje inakatika-katika. Ninunue kadi ya PCIe (ile ya kuongeza poti, inayochomekwa kwenye ubao mama), habu yenye adapta yake ya umeme, au nihangaike na hizi hizi?

Bisibisi: Habu iweke mwisho. Haifufui poti, inagawa tu ile iliyo hai. Itakusaidia kwa diski: poti ya USB 2.0 hutoa miliampia 500, ya 3.0 miliampia 900, na diski ya kuzunguka huvuta zaidi ya 500 inapoanza. Habu isiyo na adapta ni kazi bure, mzigo wote unarudi kwenye poti ile ile. Mimi ningeenda moja kwa moja kwenye kadi.

Pini19: Taratibu mkuu, asinunue kitu bado. Zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Fungua kasha, fuata waya wa poti za mbele hadi kwenye ubao mama, uchomoe, kisha washa. Za nyuma zikifufuka, mchawi yuko mbele. Mulika ndani ya poti hizo kwa tochi: kale kaulimi ka plastiki kakivunjika, vibati vyake hugusa ganda la chuma, ile volti 5 inapiga shoti, na ulinzi wa ubao unakata poti zote zinazochangia laini hiyo.

Angalizo: plagi ya waya huo, ikiwa ni ya USB 3.0, ina pini 19 na inabana kwelikweli. Ukiivuta kwa waya au kwa upande, inatoka na ukingo wake wa plastiki, na pini zinapinda au kung'oka. Shika plagi yenyewe, ipandishe wima kidogo kidogo. Ya 2.0, yenye pini 9, haina makuu.

DraivaKwanza: Mmekimbilia bisibisi mapema. Chomeka kibodi kwenye poti "iliyokufa", ingia BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows). Ikifanya kazi huko ila Windows haiioni, poti ni nzima, tatizo ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa). Fungua Device Manager, nenda Universal Serial Bus controllers, ondoa kila chenye jina Host Controller, kisha washa upya. Windows itavirudisha yenyewe. Funga kazi zako kwanza, maana kibodi na mausi vitazima katikati, na hapo itabidi ushikilie kitufe hadi mashine izime.

Bisibisi: Draiva gani inaua poti mbili na kuacha mbili?

DraivaKwanza: Ipo. Kama zilizokufa ni zile za bluu (za 3.0), kwenye baadhi ya bodi hizo zina chipu yao pembeni na draiva yake. KibodiBubu, hebu tuambie rangi.

KibodiBubu: Zote nne nyeusi. BIOS nayo haioni kibodi kwenye hizo mbili.

Pini19: Basi draiva hapo haihusiki. Chomoa waya wa mbele kama nilivyoeleza.

SlotiX1: Zikigoma hata baada ya hapo, ndipo kadi inapostahili, kwa sababu inakuja na chipu yake na haitegemei ile iliyokufa. Sloti ya x1 (ile fupi kwenye ubao mama) inatosha, na kadi ya x1 inaingia hata kwenye x16 (ile ndefu). Ila PCIe 2.0 x1 hupitisha MB 500 kwa sekunde, na poti zote za kadi zinagawana hizo. Usitegemee diski mbili za kasi kwa pamoja.

Kadi ikiwa na tundu la umeme la SATA au Molex, lipe waya kutoka pawa saplai. Ukiliacha wazi, Device Manager inaweza kuonyesha kadi ni nzima huku flashi haiwaki hata taa. Na kibodi ibaki kwenye ubao mama: BIOS nyingine haziitambui kadi mpaka Windows ipande.